Baridi Kali na Umeme Unaokatika: Njia Tano za Kuandaa Nyumba kwa Fedha Kidogo

Anayejiandaa kwa majira ya baridi kali huku fedha zikiwa chache hukumbana na maswali mawili ambayo kwa haraka huonekana kuwa swali moja. La kwanza ni namna nyumba itakavyopata joto umeme ukikatika. La pili ni namna itakavyopata umeme wenyewe kwa ajili ya taa, simu, jokofu na vifaa vingine vidogo. Makosa mengi ya ununuzi huanzia hapo: mtu hununua betri akitarajia joto, au hununua jenereta kubwa ili aendeshe hita ya umeme, kumbe joto lile lile angelipata kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Hapa tutaziweka bega kwa bega njia tano zinazotajwa mara nyingi: kuziba nyumba na kuhamia chumba kimoja, jiko la kuni lenye dohani (bomba la kutolea moshi nje), hita ya kubebeka ya gesi au mafuta ya taa, betri yenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi ya ukutani), na jenereta.

Vigezo vya kupimia

Kila njia itapimwa kwa mambo matano: gharama ya kuanza na ya kuendesha, uwezo wake umeme unapokuwa umekatika, usalama, matunzo, na aina ya kaya inayofaa kuichagua. Sitataja bei, kwa kuwa bei ya kuni, gesi au betri hutofautiana mno kati ya mahali na mahali; badala yake nitataja kiasi, na msomaji atakizidisha kwa bei anayoijua.

Ili tusilinganishe kwa maneno matupu, tuchukue kipimo kimoja. Tuseme chumba kimoja, katika usiku wa baridi kali, kinapoteza joto kwa kiwango cha kilowati moja, sawa na hita ndogo ya umeme inayowaka mfululizo. Kwa saa 12 chumba hicho kitadai uniti 12 za joto, uniti moja ikiwa ni kilowati moja kwa muda wa saa moja. Chumba chako huenda kikadai mara mbili ya hapo, au nusu yake, kulingana na ukubwa, kuta na madirisha, lakini uwiano kati ya njia hizi utabaki ule ule. Kuhusu kiwango cha kulenga, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018 lilipendekeza nyuzi 18 za Selsiasi ndani ya nyumba kuwa kiwango cha chini kilicho salama kwa watu wengi wakati wa baridi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa huhitaji zaidi ya hapo.

Njia ya kwanza: kuziba nyumba na kuhamia chumba kimoja

Gharama. Hii ndiyo njia inayodai fedha kidogo kuliko zote, na ikishawekwa haidai kitu tena. Mpira wa kuziba kingo za milango na madirisha, gundi ya silikoni kwa ajili ya nyufa, karatasi ya nailoni ang'avu inayobandikwa kwenye fremu ya dirisha, mapazia mazito na zulia juu ya sakafu tupu ni vitu ambavyo mwenye nyumba huviweka mwenyewe bila fundi. Nailoni haizuii baridi kwa unene wake, bali kwa kuifungia hewa iliyotulia kati yake na kioo, na kwa sababu hiyo ikiachwa na mwanya mdogo pembeni inapoteza karibu kazi yake yote. Sehemu pekee yenye gharama kubwa ni kutandaza sufi ya kuhami joto juu ya dari, kazi ambayo mpangaji hana sababu ya kuigharimia, ingawa kwa mwenye nyumba hurudisha fedha yake kwa miaka mingi, maana hewa yenye joto hupanda na dari tupu huiachia itoke.

Uwezo. Kuziba hakuzalishi joto. Kunapunguza deni la joto. Hata hivyo, watu wenyewe ni hita. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban wati 100 za joto, akilala hutoa pungufu kidogo, hivyo familia ya watu wanne ikilala katika chumba chetu cha kipimo hulipa karibu theluthi moja ya zile uniti 12 bila kuwasha chochote. Chumba kikiwa kidogo, chenye dari fupi, kilichozungukwa na vyumba vingine badala ya kuta za nje, sehemu hiyo huongezeka. Wapo wanaosimamisha hema dogo la kulalia ndani ya chumba hicho, na si mzaha: hema hupunguza hewa inayotakiwa kupashwa joto na kuikusanya pale walipo watu. Chupa ya lita mbili ya maji ya moto hubeba karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, ambayo kwa chumba si kitu, lakini ndani ya blanketi hutosha mtu mmoja kusinzia bila kutetemeka.

Udhaifu wake huonekana siku zinapopita. Nyumba isiyo na chanzo cha joto itapoa, ichelewe isichelewe, na vyumba vilivyoachwa vitapoa kwanza, pamoja na mabomba yaliyomo. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba hupasuka kimya kimya, uharibifu ukionekana pale barafu inapoyeyuka. Bomba lililofunguliwa litiririke uzi mwembamba wa maji huwa na nafasi nzuri ya kunusurika. Na ikiwa nyumba yote inaelekea chini ya sifuri, ni heri kufunga koki kuu na kuyamwaga maji yaliyobaki ndani ya mabomba.

Usalama. Hatari ni ndogo, ila nyumba iliyozibwa hukusanya unyevu na ukungu wa ukutani, kwa hiyo dirisha lifunguliwe dakika chache kila siku. Matundu ya hewa ya chumba chenye kifaa chochote kinachowaka moto yasizibwe kabisa.

Matunzo. Karibu hakuna, nailoni hubadilishwa kila msimu.

Inamfaa nani. Mpangaji, mwenye fedha kidogo sana, na yule ambaye umeme wake hukatika kwa saa chache tu. Kwa wengine wote ni hatua ya mwanzo, kwa kuwa hupunguza kiasi cha kuni, mafuta au gesi kitakachohitajika baadaye.

Njia ya pili: jiko la kuni lenye dohani

Gharama. Kuanza ni ghali: jiko la chuma lililofungwa, bomba la moshi linalopita ukutani au darini, msingi usioshika moto, na fundi anayeijua kazi yake. Kuendesha kunaweza kuwa rahisi, hasa kwa anayepata kuni karibu. Kilo moja ya kuni zilizokauka ina karibu uniti nne za joto, na jiko zuri lililofungwa huingiza chumbani takriban tatu kati ya hizo. Chumba chetu cha kipimo, basi, kitakula kama kilo nne kwa usiku. Kuni mbichi huharibu hesabu hii, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Meko ya wazi ya ukutani huiharibu zaidi: joto jingi hupanda na moshi, na hewa ya joto ya chumba huvutwa nayo, kiasi kwamba vyumba vya jirani vinaweza kuwa vya baridi kuliko kabla ya kuwasha.

Uwezo. Umeme ukikatika siku tano, jiko hili halijui. Hupasha joto, huchemsha maji na hupika. Tahadhari moja inayosahaulika ni kwamba majiko ya kisasa yanayotumia vidonge vya mbao hutegemea umeme kwa feni na kwa kifaa cha kulisha vidonge. Umeme ukienda, nayo huzima.

Usalama. Dohani ikifanya kazi, moshi na gesi zenye sumu hutoka nje. Hatari hubaki katika masizi yenye utomvu yanayojenga ukuta ndani ya bomba na kuweza kushika moto, pamoja na majivu, ambayo huficha makaa hai kwa siku kadhaa na hivyo huwekwa katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba.

Matunzo. Ni mengi kuliko ya njia nyingine zote. Kuni zipasuliwe na kupangwa mahali penye upepo na paa kwa mwaka mmoja au zaidi, hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 20, na dohani isafishwe angalau mara moja kila mwaka. Anayeamua kununua jiko wiki moja kabla ya baridi kuingia ajue kwamba kuni kavu huenda zisipatikane kwa wakati.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba yake, mwenye nafasi ya kuhifadhi kuni na nguvu za kuzibeba, anayeishi mahali ambapo umeme hukatika kwa siku nyingi na sheria inaruhusu moshi wa kuni.

Njia ya tatu: hita ya kubebeka ya gesi au mafuta ya taa

Gharama. Hita yenyewe ni ya bei ya kati na haihitaji kujengewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa takriban uniti 13, na lita moja ya mafuta ya taa karibu uniti 10, hivyo chumba chetu kitatumia chini kidogo ya kilo moja ya gesi au zaidi kidogo ya lita moja ya mafuta kwa usiku. Hesabu hiyo iongezewe kidogo, kwa kuwa dirisha halitakiwi kufungwa kabisa hita inapowaka.

Uwezo. Nyingi huwaka bila umeme, lakini zile zenye feni huuhitaji, na jambo hilo huangaliwa dukani. Kuhusu gesi kuna jambo la kifizikia ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: butani haigeuki kuwa mvuke chini ya nyuzi 0 hivi za Selsiasi, ilhali propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa butani uliolala katika kibanda cha nje usiku wa baridi kali utaonekana umekwisha, nao umejaa.

Usalama. Hapa sina budi kukaa zaidi, kwa kuwa hita hizi zina faida ya kubebeka na hatari ya kutokuwa na dohani. Kila kinachotokana na moto hubaki ndani ya chumba. Sehemu ya kwanza ni maji: kilo moja ya gesi ikiungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, ambao hugeuka matone kwenye vioo na ukungu kwenye kuta. Sehemu ya pili ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huongezeka hewa safi inapopungua na ambayo dalili zake za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hufanana na za mafua. Baridi kali ilipolipiga jimbo la Texas, Marekani, Februari 2021 na mamilioni ya nyumba zikakosa umeme, idadi rasmi ya waliofariki ilifika 246; wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo waliouawa na kaboni monoksaidi walipokuwa wakijaribu kujipatia joto.

Kutokana na hayo, king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri kihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya hita, si nyongeza ya hiari. Dirisha liachwe na mwanya, hita izimwe kabla ya kulala, na mafuta yajazwe nje hita ikiwa imepoa, bila kuchanganywa na petroli hata tone. Mtungi wa gesi usiwekwe katika chumba cha chini ya ardhi, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Jiko la mkaa silihesabu hata kidogo miongoni mwa njia hizi: mkaa hauwashwi ndani ya chumba cha kulala, hata ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi, kwa kuwa hapo ndipo hutoa sumu bila kuonekana.

Matunzo. Utambi wa hita ya mafuta husafishwa na kubadilishwa, na mpira wa mtungi hukaguliwa kila msimu.

Inamfaa nani. Mpangaji anayeruhusiwa kuitumia, anayehitaji joto la kuvuka usiku mmoja hadi siku tatu, na ambaye kuna mtu mzima aliye macho muda wote inapowaka. Nyumba yenye watoto watundu au mgonjwa wa pumu itafute njia nyingine.

Njia ya nne: betri yenye inveta

Gharama. Kwa kila uniti inayohifadhiwa, betri ni ghali kuliko kitu chochote kilichotajwa hapa. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hutoa takriban uniti moja. Ya risasi na asidi yenye ukubwa huo huo hutoa karibu nusu, kwa kuwa kuikamua zaidi huifupishia maisha. Chumba chetu cha uniti 12, kikipashwa kwa hita ya umeme, kingehitaji betri 12 za lithiamu kwa usiku mmoja. Nadhani hesabu hiyo inatosha kumzuia mtu asinunue betri kwa ajili ya hita.

Uwezo. Uniti hiyo moja, hata hivyo, ikitumiwa kwa akili hufika mbali. Huwasha balbu ya LED ya wati 8 kwa zaidi ya saa 100. Huendesha blanketi la umeme la wati 60 kwa muda wa saa 16 hivi, yaani usiku mzima na ziada, kwa kuwa kumpasha mtu joto ni rahisi mno kuliko kukipasha chumba. Jokofu la kugandishia lenyewe halistahili kutangulizwa: likiwa limejaa na mlango haufunguliwi, hudumisha barafu kwa takriban saa 48.

Kuna kaya moja ambayo kwayo betri ndogo hubadilisha mambo kabisa, nayo ni ile yenye mfumo wa kupasha nyumba yote kwa gesi ya bomba. Umeme ukikatika mfumo huo huzima, si kwa kukosa gesi, bali kwa kukosa wati mia moja na kitu za pampu inayozungusha maji ya moto na za kiwashio. Betri yenye inveta inayotoa umeme laini kama wa gridi, ikiunganishwa na fundi, huweza kurudisha joto la nyumba nzima kwa saa nane au zaidi kwa kila uniti. Kabla ya kununua hita au jiko, mwenye mfumo kama huo asome kibandiko cha kifaa chake aone kinatumia wati ngapi.

Usalama. Ni mzuri. Betri ya risasi na asidi hutoa haidrojeni inapochajiwa na hutaka hewa; ya lithiamu aina ya fosfati ya chuma haichajiwi chini ya nyuzi 0, la sivyo huharibika ndani.

Matunzo. Ni machache. Anayetegemea paneli za sola kuichaji akumbuke kwamba siku za baridi ni fupi, jua huwa chini, na theluji hufunika paneli, kwa hiyo mavuno ya wakati huo huwa sehemu ndogo tu ya yale ya kiangazi.

Inamfaa nani. Mkazi wa ghorofa, mwenye kifaa cha tiba kinachohitaji umeme mdogo, na yeyote ambaye umeme hukatika kwa saa chache na kurudi.

Njia ya tano: jenereta

Gharama. Jenereta ndogo ya petroli hununuliwa kwa bei isiyotisha. Kinachotisha ni mafuta. Lita moja ya petroli ina karibu uniti tisa za nishati, lakini jenereta ndogo huigeuza kuwa umeme kwa kiasi cha uniti moja na nusu hadi mbili tu, iliyobaki ikipotea kwa joto na kelele huko nje. Kukipasha chumba chetu kwa hita ya umeme inayolishwa na jenereta kutakula lita sita hadi nane kwa usiku, dhidi ya lita moja na kitu ya mafuta ya taa.

Uwezo. Ikitumika kwa kazi yake, haina mshindani kati ya hizi tano. Huendesha pampu ya kisima, jokofu na zana, na huichaji betri kwa saa mbili au tatu kisha ikazimwa. Pampu na jokofu huvuta nguvu mara kadhaa zaidi zinapoanza kuzunguka, na jenereta ichaguliwe kwa kiasi hicho cha kuanzia.

Usalama. Huwekwa nje, umbali wa angalau mita sita kutoka mlango na dirisha lolote, na moshi wake ukielekezwa mbali na nyumba. Si barazani, si gereji hata mlango ukiwa wazi. Haichomekwi kwenye soketi ya ukutani, kwa kuwa umeme hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi anayezirekebisha. Vifaa huchomekwa moja kwa moja, au fundi hufunga swichi ya kubadilishia, inayoitenga nyumba na laini ya umeme jenereta inapofanya kazi.

Matunzo. Iwashwe kila mwezi ikiwa na mzigo, oili ibadilishwe, na petroli isikae miezi mingi ndani ya tangi, kwani huchacha na kuziba kabureta.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba iliyojitenga, anayetegemea pampu kwa maji, na ambaye majirani hawako karibu kiasi cha kusumbuliwa na kelele.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa mpangaji wa ghorofa na umeme wako hukatika kwa saa chache, kuziba madirisha pamoja na betri ndogo na blanketi la umeme kutakutosha, na hutakuwa na moto wa kulinda usiku. Ikiwa kukatika huko hufikia siku mbili au tatu, hita ya kubebeka inaweza kuongezwa, mradi mkataba wa nyumba unaruhusu na king'ora kipo.

Mwenye nyumba inayopashwa kwa gesi ya bomba aanze na betri ya kuendesha pampu. Ikiwa gesi yenyewe hukatika pia mahali alipo, hoja hiyo huanguka, na jiko la kuni hurudi mezani.

Anayeishi mbali na mji, ambako laini ya umeme ikianguka huchukua wiki kurudishwa, mara nyingi huhitaji vyanzo viwili: kuni kwa joto na jenereta ndogo kwa maji na kuchaji. Fedha zikitosha kimoja tu msimu huu, aulize ni kipi kitakosekana kwanza. Mwenye kisima cha kuteka kwa mkono atatanguliza jiko. Mwenye pampu ya umeme na kuni chache atatanguliza jenereta.

Nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa isitegemee chanzo kimoja, na iwe imepanga mapema nyumba ya ndugu au kituo cha umma watakakohamia joto la chumba likishuka na kushindwa kupandishwa. Mtu ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya nyuzi 35 anahitaji daktari, na mara nyingi yeye mwenyewe huwa hana tena akili ya kulitambua hilo.

Na ambaye kwa sasa hawezi kununua chochote achague leo chumba kitakachotumika, aning'inize mablanketi kwenye madirisha yake, akunje nguo kuukuu aziweke chini ya mlango, ajaze maji kwenye vyombo vyenye vifuniko, na ajifunze koki kuu ya maji iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani.